Alichosema Kaka Mkavu Mlangoni

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Sikuota, sikuhadithiwa na mlevi, wala sikuongeza chumvi. Chumvi nilikatazwa na daktari tangu presha iliponipanda, nami ni mtu wa kufuata masharti. Likipatikana humu neno moja la uongo, moja tu, nitalipa faini ya kwetu Muheza: nitakunja mkono wa shati, wa kushoto, nilale kitandani bila kubisha. Faini hiyo ni ya namna gani, mtaiona mbele.

Ilikuwa mwaka ule machungwa yetu yalipotiwa akili. Chungwa likiiva lilijiangusha lenyewe kapuni, na likimwona mnunuzi bahili lilirudi mtini. Mzee Hatibu Mhina, umri miaka sitini na tisa, alikuwa ameketi barazani kwake akimenya moja ya yale ya zamani yasiyo na akili, ndipo Tunu Shekalaghe alipoingia uani amekumbatia sanduku la bati. Tunu alikuwa binti wa marehemu fundi baiskeli wa Masuguru. Alisoma mbali, akarudi na kazi ya Idara ya Picha za Kale.

"Shikamoo, Mzee Hatibu."

"Marahaba, mwanangu. Kama umeleta dawa ya magoti, weka hapo. Kama ni karatasi za serikali, rudi nazo."

"Nimeleta mashine."

"Ya magoti?"

"Ya midomo." Tunu alilitua sanduku mkekani kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. "Inaitwa kisomamdomo. Ukiionyesha picha ya zamani isiyo na sauti, inatazama midomo, inatazama ulimi, inatazama koo linavyopanda na kushuka, kisha inakuandikia mtu alikuwa anasema nini. Hata awe amekufa miaka mia moja na hamsini."

Kipande cha chungwa kikamsimama Hatibu kooni.

"Na picha unayotaka kuionyesha ni ipi?" aliuliza, ingawa alijua vizuri kwamba mji mzima wa Muheza ulikuwa na picha moja tu ya kuzungumziwa.

Picha hiyo ilifika miaka arobaini nyuma, ndani ya kisahani cha video kilichokwaruzika, wakati Hatibu alipokuwa kijana mtafsiri wa filamu katika kibanda cha video nyuma ya soko. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda pembeni ya pazia la picha, kipaza sauti mkononi, na kuwasemea Wachina, Wahindi na Wamarekani kwa Kiswahili cha Muheza. Lugha zao hakujua hata moja. Alijua nyuso, na uso wa mtu aliyeachwa na mke ni uleule popote duniani.

Lakini hii ilikuwa nyeusi na nyeupe, haina sauti, haina maandishi, na ilikuwa ya kutisha. Jamaa mmoja mrefu, mkavu kama muwa uliokwisha kukamuliwa, ambaye Muheza ilimpa jina la Kaka Mkavu, anatoka kwenye kinu cha upepo, uso umejaa unga, meno marefu kama njiti za kusukia. Anawazungukia watu wa kijiji, wanakonda, wanakufa. Mwishoni anasimama mbele ya mlango wa binti wa mwenye kinu, siku ya harusi, na anazungumza. Anazungumza dakika tatu nzima, uso wake umejaza pazia lote, na hakuna anayemsikia.

Jumapili ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, alasiri, lori la machungwa lilikuwa limepinduka darajani na hospitali ilikuwa inaomba damu. Watu hawakwenda. Muheza ya wakati huo ilikuwa bado inaogopa mumiani, yule anayesemekana kukamata watu na kuwakausha damu. Na daktari anayeomba damu, walisema, ni nani kama si mumiani aliyevaa koti jeupe? Hatibu alipofika kwenye zile dakika tatu aliwatazama watu wake waliojibana kwenye mabenchi, akafungua kinywa bila kujua kitatoka nini.

"Msinikimbie," Kaka Mkavu alisema kwa sauti ya Hatibu. "Sikuja kunyonya. Mimi ndiye niliyewapa. Kila aliyeugua katika kijiji hiki nilimpa kikombe cha damu yangu, mpaka nikakauka hivi mnavyoniona. Leo nimekuja kwenu kubisha hodi, mmenifungia mlango. Sasa hapo mumiani ni nani?"

Kondakta mmoja alisimama akatoka. Watu wakadhani amebanwa haja. Alikwenda hospitali. Nyuma yake wakafuata kumi na wanane.

Kesho yake walimuuliza Hatibu kama ni kweli Kaka Mkavu alisema maneno yale. Mdomo wake, uliokwisha kuzoea, ukajibu kabla yake: ndiyo, kisahani kilikuwa na maandishi kabla hakijakwaruzika, na lugha ile alifundishwa na padri mmoja mtengeneza saa. Basi. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, picha ilionyeshwa katika banda la kupakilia machungwa, vitanda vikapangwa ukutani, Hatibu akasimulia, na watu wakatoa damu. Aliyetoa alipewa machungwa matatu. Hata faini za baraza zilibadilika. Kwingine mtu akikutwa na uongo hununulia wenzake kahawa. Muheza mwongo akawa analipa chupa moja ya damu, mkono wa kushoto.

Hatibu peke yake ndiye hakuwahi kulala kitandani. Alikuwa kazini, anasimulia.

*

Alasiri hiyohiyo walikwenda bandani, wawili tu. Tunu akatega mashine katikati, kijicho chake kikielekea kwenye pazia. Ilinguruma kidogo, kama paka.

"Maandishi meupe ni yale aliyoyasema," Tunu alieleza. "Ya njano ni yale aliyoyameza."

"Aliyoyameza vipi?"

"Koo la mtu huanza neno kabla mwenyewe hajaamua kulisema. Akibadili nia, neno hurudi ndani, lakini koo limeshacheza. Mashine inaona."

"Mashine haina adabu," alisema Hatibu.

Walisubiri kinu kizunguke, wanakijiji wakonde, harusi ifike. Kisha Kaka Mkavu akaujaza uso wake kwenye pazia, akafungua kinywa, na chini ya kidevu chake maneno meupe yakaanza kupita.

*Meno haya yananibana. Nimemwambia fundi mara tatu kwamba yananibana. Unga umeniingia machoni. Nimesimama hapa tangu asubuhi. Leo wamepika nini? Usiniambie kabichi. Jamani, kabichi tena. Nani anaweza kutisha watu kwa nguvu ya kabichi?*

Tunu alicheka mpaka akakaa chini. Hatibu naye alicheka, machozi yakamtoka, akajipigapiga paja. Miaka arobaini amemfanya mtu yule kuwa walii, kumbe anagombana na kabichi.

Halafu ikapita ya njano, moja tu: *Nataka kwenda nyumbani.*

Na nyeupe tena: *Nipeni maji, basi. Hodi. Kuna mtu humo ndani? Nipeni maji.*

Kicheko kikaisha chenyewe. Tunu alijifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Mzee Hatibu, Jumamosi lazima ionyeshwe hivi. Bila msimulizi."

"Kwa amri ya nani?"

"Unaijua Sheria ya Kinywa. Hakuna mdomo uliopigwa picha utakaosemeshwa mbele ya watu neno ambalo haukulisema."

"Hiyo ni ya wanasiasa. Huyu ni mtu wa unga."

"Ni ya wote." Tunu aliizima mashine, na pazia likawa shuka tu. "Unamkumbuka kaka yangu Mbaruku? Ile picha iliyosambaa, ya shehe akisema watu wa bondeni wametia sumu kisima. Shehe hakusema. Mtu alikaa mahali akamtengenezea mdomo. Kabla ya adhuhuri watu walikuwa na mapanga, na Mbaruku alikuwa amepeleka mkaa bondeni."

Hatibu alimkumbuka. Alikuwa na mluzi uliosikika kabla ya baiskeli.

"Na mama yangu," Tunu aliendelea, "alinizaa kwa chupa nne za damu kutoka kwenye vitanda hivi. Kwa hiyo usidhani nafurahia. Wakisikia kabichi watacheka, wakimaliza kucheka watakwenda makwao. Najua. Ipo njia moja. Sheria inamruhusu shahidi. Aliyeiona picha ikiwa na maandishi yake anaweza kuapa mbele ya watu kwamba ndivyo yalivyosema, nami nikasaini, na maneno yako yakabaki milele." Alimtazama usoni. "Uliyasoma, Mzee?"

"Kwa macho yangu mawili," ulijibu mdomo wa Hatibu, haraka kama kawaida yake.

*

Jioni haikumkalia vizuri. Alikwenda kwa Bi Pili Semkiwa, dada wa marehemu mkewe, mwanamke mwembamba mwenye macho ya manjano kidogo na ulimi usiougua. Bi Pili alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Ile damu ya kiwandani, iliyokuwa ikiletwa hospitali na vindege visivyo na rubani, iliwafaa watu wengi. Mwili wa Bi Pili uliikataa kama mtoto anayetema uji. Yeye aliishi kwa damu ya watu, na watu wenyewe walikuwa wale wa Julai.

Alimkuta akichambua maharage kwenye ungo.

"Shemeji yangu amekuja mikono mitupu," Bi Pili alisema bila kuinua uso. "Kuna jambo."

Hatibu akamweleza yote: mashine, kabichi, kiapo. Alipofika kwenye kabichi Bi Pili alicheka mpaka maharage yakamwagika. Alipofika kwenye kiapo aliyaokota moja moja.

"Ulisoma, shemeji?"

"Nilisoma."

"Nimekuuliza nikiwa nimeinama. Sasa nakutazama. Ulisoma?"

Hatibu akamsaidia kuokota maharage.

"Haya," alisema Bi Pili. "Chupa mia moja na saba zimepita humu mwilini mwangu. Hakuna hata moja iliyouliza yule mzungu alisema nini. Kondakta yule, Mungu amrehemu, alitoa kwa sababu yako. Hilo nalijua, nakushukuru, na hata nikikutania kila siku usidhani nimesahau."

"Ndiyo maana nataka kuapa. Jumamosi wakienda nyumbani, wewe Agosti utapata wapi?"

"Sijui nitapata wapi." Aliusukuma ungo kando. "Ila nisikilize. Yule binti wa fundi baiskeli amemzika kaka yake kwa sababu ya mdomo wa kusemeshwa. Ukimfanya asaini uongo kwa ajili ya Pili, utakuwa umechukua kitu chake asichokupa. Na mimi ndiye nitakayekinywa. Miaka yote umewaambia watu mumiani hayupo. Usinifanye mimi niwe yeye, uzee huu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mgonjwa. Nenda, magharibi hiyo. Na safari nyingine uje na sukari."

*

Jumamosi asubuhi banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya makreti. Vitanda kumi na viwili viliwekwa ukutani na kutandikwa shuka za buluu. Manesi walisimama wamefunga mikono, na machungwa yalipangwa mlangoni kama askari. Bi Pili alikuwa mbele, kwenye kiti chenye mto, khanga mpya.

Tunu alikuwa ameandaa kiti cha shahidi nyuma kabisa, karibu na mlango, na kukifunga utepe mwekundu. Alieleza sheria, akatangaza jina la shahidi, akainama kutafuta kalamu mkobani. Hatibu akainuka. Na hapa ndipo miguu yake ilipomfanyia jambo ambalo miguu ya mtu mwingine yeyote isingefanya. Kwa miaka arobaini, kila alipoitwa kusema mbele ya watu wa banda lile, alikwenda kwenye kigoda pembeni ya pazia. Basi akaenda kwenye kigoda pembeni ya pazia. Akaketi, akakohoa, akawageukia watu wake, pazia likiwa nyuma ya bega lake.

Mashine, katikati ya banda, ilikuwa imeshawashwa. Ilitazama pazia ikaona sura ya mtu, mzee, mkavu, kinywa kinafunguka. Mashine haina ndugu. Ikaanza kazi.

"Mimi, Hatibu bin Mhina," alianza, mkono juu, "naapa kwamba kisahani kile nilikiona kikiwa kizima, na maandishi yake niliyasoma kwa macho yangu mawili."

Nyuma ya bega lake yakapita maneno meupe, hayohayo. Chini yake ya njano: *Hakukuwa na maandishi.*

Banda likanyamaza kabisa. Hatibu akakichukua kimya kile kuwa ni heshima, akapata nguvu.

"Lugha ile nilifundishwa na padri mtengeneza saa. Miezi sita, mchana na jioni."

*Padri gani? Saa yenyewe sina.*

Mtu mmoja nyuma alipiga chafya ya kuzuia kicheko. Tunu aliinua kichwa kutoka mkobani, akaona, kalamu ikamponyoka.

"Neno kwa neno ndivyo Kaka Mkavu alivyosema. Sikuongeza, sikupunguza."

*Nilitunga. Lori lilikuwa limepinduka na ninyi mmekaa tu. Nilitunga.*

"Na watu wasioelewa," Hatibu aliendelea, sasa amenoga kabisa, "huniuliza kwa nini mimi mwenyewe sijawahi kulala kwenye vile vitanda. Ningelala. Kila mwaka natamani. Lakini kazi ya kusimulia inanibana."

Ya njano haikupita. Ilisimama palepale, kubwa, mpaka aliyekaa kreti la mwisho akaisoma.

*Naogopa sindano.*

Hapo banda likapasuka. Watu walicheka wakishikana mabega, nesi mmoja akajifunika uso kwa glavu. Hatibu akageuka kutazama nyuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akakutana na maneno ambayo hakuwa ameyasema yakiwa chini ya kidevu chake mwenyewe. Aliyasoma polepole. Yeye aliyewasemea watu miaka arobaini, leo amesemewa, na kila neno lilikuwa lake.

Tunu alikuja mbele. Hakuwa anacheka. Aliongea chini, kwa Hatibu peke yake, ingawa Bi Pili alikuwa karibu na masikio yake hayakuwa na selimundu.

"Kiapo umekimaliza kwa kinywa. Sheria haijasema lolote kuhusu ya njano ya shahidi. Nikitaka, naweza kuandika meupe tu na kusaini." Kalamu alikuwa ameshaiokota. "Niambie, Mzee."

Mlango ulikuwa wazi. Hatibu alimtazama Bi Pili, khanga yake mpya, vifundo vya mikono vilivyovimba. Akautazama ule mkono wenye kalamu. Mdomo ukafunguka, na kwa mara ya kwanza akausubirisha.

"Andika ya njano, mwanangu," alisema. "Yote. Hata ile ya sindano."

Tunu aliandika. Alipomaliza aliutazama ukurasa, kisha akatazama kigoda, kisha pazia.

"Kinywa cha Kaka Mkavu hatutakisemesha," alisema, sasa kwa sauti ya wote kusikia. "Kitasema yake, chini, meupe kwa njano. Lakini Mzee Hatibu ana kinywa chake. Akikaa kwenye mwanga, watu wakiona kwamba anayesema ni yeye, sheria yangu haina ugomvi naye."

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza mtu wa kwenye makreti.

"Ndiyo hadithi," alijibu Bi Pili. "Hadithi haiapiwi, shemeji. Ungesema hadithi tangu siku ile ya lori, tungekuja vilevile. Tatizo lako ulitaka na cheti."

"Na faini?" sauti ikatoka nyuma. Wengine wakaidaka: faini, faini, mkono wa kushoto, faini.

*

Basi picha ya mwaka ule Hatibu aliisimulia akiwa amelala, kitanda cha kwanza, taa ikimmulika usoni, Bi Pili kwenye kigoda pembeni yake kumlinda asitoroke. Nesi alifunga mpira juu ya kiwiko. Sindano ilikuja. Hatibu hakufumba macho. Aliitazama kama simba anavyoitazama mvua.

Kinu kikazunguka. Wanakijiji wakakonda. Na watu wa Muheza, walioijua picha ile kuliko njia za makwao, wakaitazama kama hawajawahi kuiona. Waliona kumbe maiti mmoja anapumua. Waliona kumbe unga umeingia sikioni. Kabichi ilipopita walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Ilipopita *Nataka kwenda nyumbani* walinyamaza wote kwa pamoja, kama watu waliomkuta mtu mzima akilia peke yake.

Hatibu alikuwa ameandaa maneno yake ya siku zote. Yalikuwa tayari ulimini. Lakini alimwona yule jamaa, uso umejaza pazia, miguu imemfa ganzi, ana njaa, meno yanambana, amesimama mbele ya mlango ambao hakuna aliyeufungua, na akagundua kwamba siku ile ya lori alikuwa amekosea kidogo tu. Mtu amesimama nje anaomba. Basi. Vingine vyote vilikuwa mapambo.

*Nipeni maji, basi. Hodi. Kuna mtu humo ndani?*

"Kaka Mkavu anaomba maji," Hatibu alisema kutoka kitandani, na hakuongeza kitu.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Tunu, akikunja mkono. Halafu wale wa makreti. Ilipofika adhuhuri mstari ulikuwa umetoka mlangoni, umepita soko, na manesi walikuwa wanaazima shuka kwa majirani. Agosti Bi Pili alipata chupa yake, na Septemba, na akaendelea kumtania shemeji yake kwa afya njema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nilikuwa nimeshafunika kalamu. Lakini niliziacha karatasi hizi mezani nikaenda kuchemsha chai, na Bi Pili, ambaye huingia nyumba za watu kama upepo, amezisoma zote. Anasema Hatibu alifumba macho tangu nesi alipokuwa bado ananawa mikono. Anasema alimshika yeye kidole mpaka kikafa ganzi, akamwita marehemu mkewe mara mbili. Nilipomuuliza atathibitisha vipi, alinionyesha kidole, kisha akaniuliza mimi huwa naandika haya kwa mkono gani, na kwa nini ule mwingine nauficha.

Anasema pia hakuna chungwa lililowahi kurudi mtini.

Basi nimekunja mkono wa shati. Wa kushoto, kama nilivyoapa, palepale penye kovu dogo la sindano ya mwaka ule. Nesi amehesabu maneno mawili ya uongo, lakini anasema mwili wa mzee hutoa chupa moja kwa miezi mitatu. Faini ya macho nalipa leo. Ya machungwa nirudi Oktoba.